Nani Aamue Nini: Mwongozo Kamili wa Kugawana Maamuzi kati Yako na Wakili Wako, Unguja na Pemba

Ukishamlipa wakili, usidhani umemkabidhi na kesi. Umemkabidhi kazi ya kuiendesha. Kesi yenyewe inabaki yako: shamba likirudi linarudi kwako, gharama zikiangukia upande wako utalipa wewe, na kifungo kikitoka utalala ndani wewe. Wakili kesho yake anafungua faili la mtu mwingine, na halaumiki kwa hilo.

Wengi wetu tumelelewa kumheshimu msomi. Tunakaa mbele ya meza yake, tunasema "wewe ndiye unayejua, tunakuachia", tunatia saini panapooneshwa kidole, tunarudi nyumbani kuomba dua. Wapo na wa upande wa pili: wanampangia wakili kila swali la kumuuliza shahidi, wanampigia simu usiku, wanamletea binamu aliyesoma sheria mwaka mmoja akaacha. Wote wawili huumia. Mwongozo huu unakuonesha uamuzi upi ni wako na haubebwi na mtu mwingine, upi ni wa wakili, upi mnauzungumza pamoja, na namna ya kuyaandika hayo kabla mambo hayajaharibika.

Hatua ya 1: Shika msingi, na ujue hatari yake

Kanuni ni fupi. Lengo la kesi ni la mteja. Njia ya kulifikia ni ya wakili, baada ya kumweleza mteja na kumsikiliza. Chama cha Mawakili cha Marekani kiliiandika hivyo mwaka 1983 katika kanuni zake za mfano, Kanuni ya 1.2, kikataja waziwazi maamuzi ambayo wakili hana haki ya kuyachukua: kusuluhisha kesi ya madai ni kwa mteja, na katika jinai ni mshtakiwa mwenyewe anayeamua akiri au akane, atoe ushahidi au anyamaze. Hizo si sheria za Zanzibar. Nazitaja kwa sababu zimepangwa vizuri, na mgawanyo kama huo ndio unaopaswa kuutarajia kwa wakili mwadilifu wa Vuga au wa Chake Chake.

Sisi tunao msingi wa karibu zaidi. Katika fiqhi ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tumeisoma chuoni, mtu uliyemuweka akusimamie katika ugomvi hana ruhusa ya kukiri kwa niaba yako; akikiri, kukiri kwake hakukufungi. Imam Abu Hanifa aliona vingine, akakubali kukiri kwa wakili kukifanyika mbele ya kadhi. Lakini hata kwa wanaolipanua jambo hili, kusamehe haki yako au kuifanyia suluhu kunataka idhini yako.

Sasa hatari. Mahakama za kawaida hazifuati fiqhi katika hili, zinafuata misingi iliyorithiwa kwa Waingereza, na misingi hiyo inatenganisha mambo mawili: wakili aliruhusiwa nini na wewe, na upande wa pili ulikuwa na haki ya kuamini nini. Mwaka 1982 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Waugh dhidi ya H. B. Clifford and Sons. Wajenzi walikuwa wameshtakiwa kwa nyumba walizozijenga vibaya. Waliwaambia mawakili wao wasikubali masharti fulani ya suluhu. Ujumbe haukumfikia kwa wakati yule aliyekuwa akizungumza na upande wa pili, naye akakubali. Mahakama ikasema suluhu imewafunga wajenzi. Upande wa pili uliona wakili amesimama mbele yao, na haukuwa na sababu ya kudhani hana mamlaka.

Kwetu Afrika Mashariki mlango ni mwembamba vivyo hivyo. Katika kesi ya Brooke Bond Liebig dhidi ya Mallya ya mwaka 1975, iliyotoka Tanzania, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema amri iliyotolewa kwa makubaliano haivunjwi ila kwa sababu zinazoweza kuvunja mkataba, kama vile udanganyifu au kula njama. Kujuta hakumo. Kusema "wakili wangu hakuniuliza" peke yake kunaweza kukupa haki ya kumdai wakili, na shamba likabaki kwa uliyegombana naye. Ndiyo maana hatua zote zinazofuata zinahusu kuyaweka mambo wazi mapema.

Hatua ya 2: Jua mteja ni nani

Hapa visiwani kesi mara chache huwa ya mtu mmoja. Shamba ni la marehemu babu, warithi ni wanane, mmoja yuko Maskati, mmoja Dar es Salaam, wawili hawasemezani, na anayemlipa wakili ni mjomba ambaye hata hamo katika urithi. Wakili anapigiwa simu na watu watano, kila mmoja anamwambia neno lake.

Mlipaji si mteja kwa sababu ya kulipa. Mteja ni yule ambaye jina lake limo katika hati ya madai na haki yake ndiyo inayogombaniwa. Mjomba atashukuriwa na kuombewa dua, lakini haamui suluhu, na wakili hapaswi kumfungulia siri za faili mpaka mteja aruhusu. Mwambieni mjomba hivyo siku ya kwanza, kwa adabu, mbele ya wakili. Ukingoja mpaka tofauti itokee, atahisi amedharauliwa.

Wakiwa wateja ni wengi, chagueni msemaji mmoja na muandike msemaji huyo ana mamlaka gani. Kuleta habari na kupokea habari ni jambo moja. Kukubali suluhu ni jambo jingine, na hilo litiwe saini na kila mmoja. Ikiwa maslahi yenu yanapingana, kwa mfano baadhi wanataka nyumba iuzwe na wengine wanakaa ndani yake, wakili mmoja hawezi kuwatumikia wote kwa haki. Akikwambieni hivyo hajakufukuzeni; amefanya alivyopaswa.

Kwa aliye ng'ambo, andaeni hati ya uwakala. Soma maneno yake neno kwa neno, maana hati nyingi zinanakiliwa kutoka ya mtu mwingine na ndani yake mmeandikwa "kuuza, kuweka rehani, kusuluhisha na kufanya lolote". Kama unataka mdogo wako akusimamie kesi tu, yaandikwe hayo tu.

Na wakiwemo watoto wasiobaleghe, suluhu inayogusa sehemu yao huhitaji ruhusa ya mahakama. Mama au ami hawezi kuwasamehea.

Hatua ya 3: Andika lengo lako kabla hujakanyaga ofisini

Chukua karatasi ukae peke yako. Jibu: nataka nini hasa? Wakili anajua sheria lakini hajui moyo wako, na akikosa kuambiwa atachukulia unataka kikubwa kinachowezekana.

Tuchukue mfano wa shamba la mikarafuu Pemba. Kwetu ardhi na miti iliyopo juu yake vinaweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na tangu Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 ardhi yenyewe ni ya umma, mtu anamiliki haki ya kuitumia. Kwa hiyo mama anayesema "nataka shamba langu" anaweza kuwa anataka mojawapo ya mambo manne tofauti: haki ya ardhi, mikarafuu aliyoipanda baba yake, fedha za mavuno ya misimu iliyopita, au njia ya kupita kwenda kisimani bila ya kutukanwa. Kila moja linadai ushahidi wake na gharama zake. Anayetaka njia tu, akafunguliwa kesi ya kudai shamba zima, amepotea kabla hajaanza.

Panga majibu yako mafungu matatu: nisichoweza kukiachia, ninachoweza kukipunguza, nisichokihitaji. Ongeza na gharama usizotaka kulipa, na hapa simaanishi fedha. Kama hutaki kumuaibisha kaka yako mbele ya mji, hilo ni sehemu ya lengo. Liandike.

Eka tatu zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 zina masharti yake. Kama shamba lako ni la aina hiyo, mpe wakili hati yake mwanzo kabisa, kwa sababu lengo lako linaweza kuwa halipatikani kisheria kwa njia unayoifikiria.

Hatua ya 4: Gawaneni maamuzi

Haya ni yako, na wakili hawezi kuyachukua hata akiwa na nia njema: kufungua kesi au kutoifungua, kusuluhisha na kwa masharti gani, kuyaondoa au kuyapunguza madai, kukubali deni, kukata rufaa au kuridhika na hukumu, kutoa siri yako nje ya faili, na kumbadilisha wakili. Ongeza kiapo. Kiapo cha maandishi ni maneno yako wewe mbele ya Mungu na mbele ya sheria, hata kama yamechapwa na karani wa wakili. Usitie saini karatasi tupu. Usitie saini karatasi ya Kiingereza ambayo hukusomewa kwa Kiswahili mpaka mwisho. Ukiulizwa mahakamani "uliapa hivi?", hutaweza kujibu kwamba aliapa wakili.

Haya ni ya wakili: vifungu gani vitumike, hati iandikwe vipi, pingamizi la awali litolewe au liachwe, shahidi aulizwe nini na kwa mpangilio gani, hoja zipi zibebwe na zipi ziachwe. Hili la mwisho huwauma wateja. Mtu ana malalamiko ishirini, wakili anabeba matatu. Mahakama Kuu ya Marekani iliwahi kuulizwa jambo hilo mwaka 1983 katika kesi ya Jones dhidi ya Barnes, ikasema wakili wa rufaa halazimiki kubeba kila hoja anayoitaka mteja. Nakubaliana nayo. Hoja dhaifu hufunika hoja nzuri, na hakimu akichoka na ya kumi hatoisikia ya kumi na moja. Haki yako hapa ni kuelezwa sababu.

Wakili pia anayo mamlaka ya kukukatalia. Hatoleta shahidi wa uongo, hatoweka tarehe ya nyuma kwenye hati ya mauziano, hatotumia barua ya sheha ambayo sheha hakuiandika. Wakili ni mtumishi wa mahakama pia, na kumlazimisha katika hayo ni kujiharibia mwenyewe.

Yanabaki yale ya katikati, na kwa maoni yangu hapa ndipo ugumu wote ulipo. Vitabu vinasema kumchagua shahidi ni ufundi, kwa hiyo ni kwa wakili. Lakini sisi tunakaa visiwani, tunaoana ndani kwa ndani, tunazikana. Wakili anapokwambia "tumwite ami yako aje kueleza mpaka ulikuwa wapi", kwake huyo ni shahidi mzuri kuliko wote: mzee, anaheshimiwa, aliuona mpaka ukiwekwa. Kwako ni ndugu wa baba yako atakayesimama mbele ya watoto wa kaka yake mwingine na kuwakadhibisha. Kesi itakwisha, na arusi zitakuja, na maiti watatoka. Nani atakaa na nani? Hesabu hiyo wakili haioni na hakusomeshwa.

Kwa hiyo nasema: kumwita jamaa kuwa shahidi ni uamuzi wa pamoja, na mteja awe na neno la mwisho, kwa sharti moja. Wakili amweleze kwanza, bila ya kumung'unya, kesi itakuwaje asipoitwa. Ukielezwa kwamba bila ya ami huna ushahidi wa mpaka, na bado ukasema asiitwe, umechagua kwa macho mazima. Usije kumlaumu mtu baadaye. Fungu hili hili linabeba maombi ya zuio (maana polisi na sheha watafika mlangoni kwa jirani yako), kumuongeza mdaiwa mpya, kumlipa mpima ardhi au mthamini, na kuchagua pa kuanzia: kwa sheha, Mahakama ya Ardhi, au kwa Kadhi.

Hatua ya 5: Yaandike

Maneno ya ofisini yanasahaulika. Muombe wakili barua ya makubaliano; asipokuwa nayo, mpelekee yako kwa Kiswahili, atie saini nakala ubaki nayo. Hii inatosha, ibadilishe upendavyo:

"Nakupa mamlaka ya kuendesha shauri langu katika Mahakama ya Mkoa, Chake Chake. Huna mamlaka ya kusuluhisha, kuondoa au kupunguza madai, kukubali deni, wala kukubali jambo lolote tunalobishania, mpaka nikupe idhini kwa maandishi, au kwa ujumbe kutoka nambari yangu ya simu iliyoandikwa hapa chini. Maswali ya mashahidi, vifungu vya sheria na maahirisho ya kawaida utaamua wewe, na utanijulisha ndani ya siku tatu. Jamaa zangu hawataitwa kutoa ushahidi kabla hatujazungumza. Ikiwa sipatikani na jambo halingoji, chukua hatua inayolinda haki yangu bila ya kuimaliza kesi."

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kuomba ahirisho kunalinda. Kuwasilisha notisi ya rufaa ndani ya muda kunalinda, na unaweza kuiondoa baadaye. Kusuluhisha kunamaliza. Wakili mwenye maelekezo hayo hahitaji kubahatisha siku ambayo simu yako imezimwa.

Barua peke yake inakulinda kwa wakili wako. Kumbuka wajenzi wa Uingereza: upande wa pili haukujua mipaka. Kwa hiyo mwambie wakili wako aandike mstari mmoja kwa wakili wa upande wa pili, kwamba suluhu yoyote itakuwa na nguvu baada ya mteja mwenyewe kutia saini. Ni jambo jepesi, halimvunjii mtu heshima, na linafunga mlango ule.

Andika na malipo: kiasi gani, kwa kazi ipi, rufaa imo au haimo, nauli ya boti ya Unguja na Pemba nani analipa. Chukua risiti.

Hatua ya 6: Suluhu inapokuja ghafla

Siku hii utaijua. Kesi imeitwa, hakimu anauliza kwa nini wazee hawa wasizungumze, mnatoka nje, mawakili wawili wanasogea pembeni, kisha wa kwako anarudi.

"Bi mkubwa, wenzetu wametoa rai."

"Rai gani, mwanangu?"

"Wakuachie mikarafuu ya upande wa barabarani, wao wabaki na bonde. Hakimu anatungoja."

Nyuma yake karani anaita majina ya kesi nyingine, wapwa wako wanakutazama kutoka benchi la pili, na wewe hujala tangu alfajiri. Hapo ndipo watu hutikisa kichwa kuitikia, na kutikisa kichwa kukawa hukumu.

Jibu linalofaa ni hili: "Niandikie hayo kwenye karatasi, kisha uniombee tarehe." Suluhu nzuri ya leo, aghalabu, itakuwa nzuri na wiki ijayo. Wakikwambia ni leo au basi, muulize wakili wako mambo haya na usikilize jawabu lake mpaka mwisho: Nikikataa, kesi inaendelea au inaharibika? Kwa ushahidi tulionao, unaona tunafika wapi? Miti ya barabarani ni mingapi na nani ataihesabu? Wasipoondoka upande wa barabarani kwa tarehe tuliyokubaliana, tunafanya nini? Gharama za kesi zinabebwa na nani? Nikikubali hili, je, nimeyasamehe na mavuno ya nyuma?

Swali hili la mwisho ndilo linalosahauliwa. Hati za suluhu hupenda kuandika kwamba madai yote kati ya pande mbili yamekwisha, na ukishatia saini, fedha za misimu mitatu zimekwenda. Ukitaka zibaki, ziandikwe.

Wakili anaweza, na anapaswa, kukushauri kwa nguvu. Akisema "naona ukubali", hajakuvunjia haki yako. Akisema "nimeshakubali", amevuka mpaka. Likitokea hilo, simama mbele ya hakimu siku hiyo hiyo, kabla amri haijarikodiwa, useme kwa heshima kwamba wewe ndiye mdai na hukuridhia. Ukisema kesho yake, unakutana na kanuni ya kesi ya Brooke Bond tuliyoitaja katika hatua ya 1.

Hatua ya 7: Katika kesi ya jinai

Hapa mipaka ni mikali zaidi kwa sababu kinachogombaniwa ni mwili wako. Shtaka unasomewa wewe, na jawabu ni lako. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu bado zinautegemea: shtaka lielezwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, jawabu lake liandikwe kwa kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, kisha mshtakiwa aulizwe kama anayakubali. Ukiona ndani ya maelezo hayo pana neno si la kweli, sema pale pale.

Wakili akikushauri ukiri ili upunguziwe adhabu, huo ni ushauri; uulizie adhabu yenyewe, rikodi ya jinai, na kazi yako itakuwaje. Wala hawezi kukiri kwa mlango wa nyuma. Robert McCoy, huko Louisiana, Marekani, alishtakiwa kwa mauaji ya watu watatu, akashikilia kwamba hakuua. Wakili wake aliona ushahidi ni mzito, akawaambia wazee wa baraza kwamba mteja wake ndiye muuaji, akitarajia kumwokoa na adhabu ya kifo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema wakili hakuwa na haki hiyo, hata kwa nia ya kuokoa maisha, ikaamuru kesi isikilizwe upya.

Uamuzi wa kupanda kizimbani kujitetea au kunyamaza nao ni wako. Usikilize kwa makini ushauri wa wakili hapa, kwa sababu wengi wanaosema "mimi nitajieleza tu" hawajawahi kuulizwa maswali na mwendesha mashtaka aliyejiandaa.

Hatua ya 8: Kwa Kadhi

Ndoa, talaka, matunzo na mirathi ya Waislamu ziko huko, chini ya Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 2017. Anayekusimamia anaweza kupanga maneno, lakini talaka ni ya mume, khului (mke kujivua katika ndoa kwa malipo) na kiasi cha mahari kinachorudishwa ni kwa mke kuridhia, na mrithi hasamehewi fungu lake na mtu mwingine. Dada zetu wengi huambiwa barazani "muachie kaka yako" na wakili akaletewa jambo likiwa limekwisha pangwa. Wakili mwema atamwita dada peke yake, mlango umefungwa, amuulize.

Hatua ya 9: Tarehe ni zako pia

Ukitaka kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar, notisi ya rufaa inatakiwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ya madai ndani ya siku 60 tangu notisi, ukiacha muda wa kungojea nakala za mwenendo ulioziomba kwa wakati. Kukata rufaa ni uamuzi wako. Kuhesabu siku ni kazi ya wakili. Lakini wakili akipitiwa, unaumia wewe. Katika kesi ya Umoja Garage dhidi ya National Bank of Commerce ya mwaka 1997, Mahakama ya Rufani ilikataa kuhesabu kughafilika kwa wakili kuwa sababu ya kutosha ya kuongezewa muda.

Siku ya hukumu, hata kama umeshinda, muulize wakili tarehe ya mwisho na uiandike kwenye simu yako. Walioko Pemba na wakili wao yuko Unguja wasingoje aje na boti: mtumie ujumbe wa maandishi, "nataka rufaa" au "sitaki", usitume sauti ndefu ambayo haitasikilizwa.

Hatua ya 10: Mkikosana

Kwanza ombeni kikao, ana kwa ana, faili likiwa mezani. Ugomvi mwingi unatokana na kukosa habari, na unakwisha mteja akielezwa. Ukiona bado, chukua rai ya wakili mwingine kabla hujavunja.

Una haki ya kumbadilisha. Fanya kwa maandishi, lipa kazi iliyokwisha fanywa, omba faili lako na hati zako za asili, na hakikisha notisi ya mabadiliko imefika mahakamani. Bila ya hiyo, wito utaendelea kwenda kwa wakili wa zamani. Usibadilishe wiki ya kusikilizwa. Naye anaweza kujitoa, kwa kukupa taarifa ya kutosha na kwa idhini ya mahakama pale inapotakiwa.

Kama amesuluhisha bila ya idhini, ameficha hukumu au amekaa na fedha zako, andika malalamiko kwa Chama cha Mawakili Zanzibar, na kwa Mahakama Kuu ambako mawakili wameandikishwa. Ambatanisha barua ya hatua ya 5, ujumbe wa simu na risiti.

Asiye na uwezo wa kulipa ana mlango pia: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilichopo tangu 1992, Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, na wasaidizi wa sheria waliomo katika shehia. Wengi wanaosaidiwa bure huona haya kuuliza. Barua ile ile ya hatua ya 5 mpelekee na wakili asiyekulipisha. Atie saini, ubaki na nakala.